Nilimwimba Mama Mkwe kwa Jina Lake

Tulipoachana juma lililopita nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyumbani kwetu Kitale, redio iko dirishani, na majirani wamejaa uani mpaka mlangoni pa choo. Tulikuwa tunangoja saa nne asubuhi. Jerop, mtangazaji wa kituo kimoja cha Bungoma, alikuwa ameniahidi kwamba saa hiyo ataucheza wimbo wangu.

Kwa wewe ambaye gazeti hili umeliokota leo: mimi ni Daud, mwimbaji asiye na kampuni, asiye na meneja, asiye na hata baiskeli. Natunga mwenyewe, naimba mwenyewe, nachapisha CD mwenyewe na kuzibeba kwa mfuko wa sukari. Miaka sita hivyo. Wimbo wa kwanza ulitafunwa na mashine ya kaseti. Wa pili, mwenzangu aliokoka siku mbili kabla ya kuuzindua, akasema haimbi tena mambo ya dunia. Wa tatu sitaki hata kuuzungumzia.

Huu wa nne ndio ulikuwa karata yangu ya mwisho. Nilikuwa nimemwambia Khalayi, mchumba wangu, binti wa Kamukuywa: huu ukianguka nitaenda kupakia mahindi kwenye malori, tuoane, tuishi kama watu wengine.

Mambo ya msikiti na kanisa tulishayamaliza. Mnakumbuka vile mama yangu alilia siku tatu, ya nne akaamka akauliza huyo msichana anakula nini. Tulikubaliana tutafunga ndoa kwa DC, mkuu wa wilaya, Desemba hiyo ya 2005.

Saa nne na dakika saba, gitaa langu likatoka kwenye redio.

Nimekaa na watu wengi maishani, napenda watu, napenda nyumba ikijaa. Lakini sijawahi kuona uani kwetu kukinyamaza hivyo. Hata Shangazi Khadijo, ambaye huongea akilala, alifunga mdomo.

*Namarome, fungua mlango,*
*Namarome, jua ni kali,*
*Umeniona ukajifungia,*
*Namarome, kosa langu ni gani?*

Ilipofika mara ya pili uani kote kulikuwa kunaimba. Mara ya tatu jirani wa ng'ambo ya ukuta alikuwa anaimba. Shangazi Khadijo akaweka chini sinia ya mandazi akacheza mpaka kanga ikafunguka.

Simu yangu ikalia. Ni Khalayi. Nikatoka nje ya geti ili nimsikie vizuri akinipongeza.

"Daud, umefanya nini?"

"Umeusikia? Nilikuficha makusudi. Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua."

"Sasa si ufurahi."

"Daud, Namarome ni nani?"

"Unaniuliza mimi? Si ni mama yako."

Nikasikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kisha akaanza kulia.

Ngoja niwaeleze huo wimbo ulitoka wapi. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeenda kwao Kamukuywa kwa mara ya kwanza. Nimevaa suti ya kuazima, nimebeba sukari na majani ya chai. Nikafika getini, nikamwona mama mmoja amekaa uani anapepeta maharagwe. Aliponiona alitupa ungo. Maharagwe yakamwagika yote. Akaingia ndani mbio, akafunga mlango, nikasikia na komeo.

Nilikaa pale nje kwa saa tatu nikiongea na baba mtu. Mama hakutoka. Chai ilikuja kwa mkono wa Khalayi. Nilirudi Kitale najua nimekataliwa. Nikachukua gitaa, nikamtungia wimbo wa kumbembeleza. Nikamtaja jina lake ili ajue ni yeye hasa. Nilidhani mama akisikia jina lake redioni, moyo utalainika.

"Hakukukataa," Khalayi akasema, analia. "Alikukimbia kwa heshima."

"Heshima gani ya kutupa maharagwe?"

"Mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi. Na jina lake mkwe halitaji, hata akiulizwa na polisi."

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Nani huambiwa kitu kama hicho? Ni kama nikuambie uvae suruali ukitoka nyumbani."

"Khalayi, mimi nimezaliwa nyuma ya msikiti. Kwetu mama mkwe anakukalisha, anakupakulia, anakuuliza mpaka babu yako alikufa na ugonjwa gani."

"Kwetu anakukimbia. Ndiyo njia ya kukupenda. Na wewe umeenda ukamtangaza mkoa mzima wa Western."

Akakata simu.

Nilirudi uani. Mama yangu akaniuliza nani alikuwa anapiga.

"Khalayi. Amefurahi sana."

Walinipigia makofi. Nikala mandazi mawili na sikujua nimeyala.

* * *

Jumatatu niko Bungoma, kwa Jerop. Nilimkuta kwenye ngazi za kituo anakunywa soda, vifaa vya masikio vimening'inia shingoni.

"Star wa Kitale," akasema. "Niaje."

"Jerop, nataka uache kuucheza ule wimbo."

Akaweka chupa chini polepole.

"Hebu sema tena."

"Uache kuucheza. Kwa sasa tu. Kuna shida ya kifamilia."

"Daud, kila wimbo mzuri una shida ya kifamilia. Wiki jana ulikuwa hapa kwa hizi ngazi unaniomba kama mtu anaomba figo. Leo nisicheze?"

"Jina lililomo ndani ni la mama mkwe."

Jerop ni wa mlimani, Elgon. Mila za namna hiyo anazijua. Alinitazama, akashika mdomo, halafu mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

"Wewe uliingia studio," akasema akifuta macho, "ukamwita mama mkwe. Kwa jina. Mara ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na kwa korasi."

"Jerop, tafadhali."

"Sikiliza. Nina meseji zimejaa simu mpaka hazisomeki. Watu wanaita kituo wanaomba Namarome kabla hata sijasema habari ya asubuhi. Jumamosi tuna shoo uwanjani Kanduyi na wewe nimekuweka wa mwisho, baada ya wote. Wa mwisho, Daud. Ukiimba vizuri tunazunguka na wewe Webuye, Kimilili, Malaba, kote. Nikikuondoa leo sikurudishi tena."

Miaka sita nilitaka mtu aniambie maneno hayo. Sasa yamekuja na kila neno linanichoma.

Nikatoka hapo nikaenda kwa Kipkemei, jamaa wa saiba, duka la kompyuta, karibu na soko. Kipkemei alikuwa anachapisha CD yangu bila kuniuliza, na jaladani ameweka picha ya mtu mwingine kabisa, mwanamume mnene mwenye kofia. Nikamwambia mimi ndiye Daud. Akaangalia jalada, akaniangalia.

"Hufanani," akasema.

"Naomba usiuze tena huu wimbo. Wazee wa ukweni wamekasirika. Umekatazwa."

"Umekatazwa?"

"Umekatazwa kabisa."

"Na wazee?"

"Na wazee."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika mkono, akasema pole sana ndugu yangu, hayo mambo ya ukweni ni mazito. Nikaondoka nikiwa nimefarijika. Nikasema angalau kuna mtu mmoja mwenye utu katika mji huu.

Jumatano asubuhi CD zilikuwa zimefika mpaka Kitale. Picha ni ile ile ya mtu mnene. Ila sasa juu yake kumeandikwa kwa maandishi mekundu: NAMAROME, WIMBO ULIOKATAZWA NA WAZEE.

Ziliisha kabla ya saa sita mchana.

* * *

Alhamisi Khalayi akaniita kwao. "Baba anataka kukuona," alisema tu, na sauti yake ilikuwa kama ya karani wa mahakama.

Nilimkuta Mzee Khaemba amekaa chini ya upenu wa nyumba kubwa. Ni mtu mrefu, mstaafu wa kiwanda cha sukari, kofia haitoki kichwani. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mbali, karibu na banda la ng'ombe, mgongo wangu ukielekea jikoni. Nikaelewa kwamba hiyo haikuwa bahati mbaya.

"Kijana, umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Vizuri. Maana hapa leo hutakula."

Khalayi alikuwa amesimama katikati, kati ya kiti changu na ukuta wa jikoni. Hakuniangalia.

"Tulikuwa tunajua wewe ni mtoto wa mjini," Mzee akaendelea. "Hiyo tulikubali. Tulisema atafundishwa. Rakini wewe hukungoja kufundishwa. Juzi nilikuwa Myanga kununua mbegu. Mutu ananiuliza, Mzee, mlango ulifunguliwa ama bado? Mimi, na mvi hizi."

"Nisamehe, Baba. Sikujua."

"Mimi si mwenye kukosewa. Mwenye kukosewa yuko jikoni."

Nikataka kugeuka. Khalayi akainua mkono haraka.

"Usigeuke," akasema. "Ongea na mimi. Mimi nitampelekea."

Hapo ndipo mazungumzo ya ajabu kuliko yote niliyowahi kufanya yalianza. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa udongo, una nyufa za kupitisha kidole. Nilisikia hata kijiko kikigonga sufuria. Lakini kila neno lilibidi lipite kwa Khalayi.

"Mwambie Mama naomba msamaha," nikasema.

"Mama, anaomba msamaha."

"Nimesikia," sauti ikasema kutoka jikoni. "Mwambie nimesikia."

"Amesikia," Khalayi akaniambia.

"Mwambie mimi ni kiongozi wa kwaya ya akina mama miaka kumi na tisa," sauti ikaendelea. Ilikuwa sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyezoea kuimba sauti ya chini. "Jumapili mchungaji ameniita pembeni. Amesema nikae kwanza, niache wengine waongoze, mpaka hii kelele ipoe. Mwambie walevi wanapita hapa getini wakitoka sokoni, wananiita jina nilipewa na nyanya yangu, wananiambia nifungue mlango. Wanadhani kuna kijana nilimfungia. Mwambie hivyo."

Khalayi akafungua mdomo. Machozi yakamjaa.

"Nimesikia," nikasema.

"Usiseme umesikia," Mzee akanguruma. "Bado hujaambiwa."

Khalayi akajifuta, akaniambia yote, neno kwa neno, na mara ya pili yaliuma zaidi.

Nikasikia moto ukichochewa.

"Na mwambie," sauti ikasema, "hapo anaposema jua ni kali, anashuka kwa sauti. Kwa nini anashuka? Jua linapanda. Angepanda hapo halafu ashuke kwenye kosa langu ni gani. Hapo ndipo mtu hushuka."

"Mama," Khalayi akasema.

"Mwambie."

Khalayi akaniambia. Mimi nilikaa nikitazama mkia wa ng'ombe. Kwa miaka sita watu wameniambia wimbo ni moto, wimbo ni noma, wimbo ni takataka. Hakuna hata mmoja, Kimaiyo aliyenirekodi akiwemo, aliyewahi kuniambia nishuke wapi na nipande wapi. Na yule wa kwanza kunisikiliza hivyo ndiye siruhusiwi kumwona.

Mzee Khaemba akatoa uamuzi. Jumamosi, mbele ya umati ule ule, nitauimba wimbo bila jina. Nitatangaza kwamba nilikosea na kwamba huyo mama ni mkwe wangu, si mtu wa kuchezewa. Nikifanya hivyo, watapokea kondoo wa kutakasa na Desemba itabaki Desemba.

"Na jina likitoka kinywani mwako tena hata mara moja," akasema, "Khalayi hutamwona. Nitakuwa hapo kusikia kwa masikio yangu. Mama hatakuja. Hawezi kukaa mahali mkwe amesimama juu anamtazama. Na mkikutana kwa bahati mbaya, unajifunika uso, unageuka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Khalayi alinisindikiza mpaka getini.

"Utafanya?" akauliza.

"Nitafanya."

"Daud, mimi nakujua. Watu wakikushangilia unasahau mpaka jina lako."

* * *

Ijumaa nilikuwa Kitale, studio ya Kimaiyo, chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Nikamwambia tunarekodi upya.

"Bila Namarome?" Kimaiyo akasema. "Bana, unang'oa injini unabaki na bodi. Utaweka nini?"

"Jamani. Jamani fungua mlango."

Tukajaribu. Kimaiyo akasikiliza, akavua vifaa vya masikio.

"Huyo ni mtu amefungiwa chooni."

Tukajaribu "rafiki". Tukajaribu "dunia". Mwishowe tukakubaliana na "nyumba": *nyumba ya watu, fungua mlango*. Haikuwa mbaya. Na pale kwenye jua ni kali, nikapanda. Kwenye kosa langu ni gani, nikashuka taratibu.

Kimaiyo akaacha kubonyeza vitu vyake.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Siruhusiwi kumtaja," nikasema.

Nilitoka hapo na CD moja mfukoni. Ilikuwa bora kuliko ile ya kwanza, na niliijua. Usiku huo nililala kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi saa nane mchana, Kanduyi ilikuwa imejaa. Watu wamekaa juu ya ukuta, juu ya vibanda, juu ya mabega ya wenzao. Sisi tusio na bendi tunaimba juu ya CD, muziki na sauti tayari ziko ndani, wewe unaongeza mdomo na jasho. Nikampa Jerop CD mpya mkononi mwake.

"Hii ndiyo ya leo. Nimeelewana na hao wazee. Ukicheza ile ya zamani nimekosa mke."

"Sawa," akasema. "Nenda ukavae."

Alisema sawa. Niliposimama jukwaani nilimwona Mzee Khaemba mstari wa mbele upande wa kushoto, kofia yake kichwani, fimbo kati ya magoti. Khalayi kando yake. Aliniinulia mkono kidogo. Mara ya kwanza tangu wimbo utoke redioni aliniangalia kwa macho yale ninayoyajua.

Gitaa likaanza. Umati ukapiga kelele. Nikainua maikrofoni.

*Namarome, fungua mlango.*

Ni sauti yangu. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Nikageuka nikamtazama Jerop pale kwenye meza ya mitambo. Ameinua mabega.

"Hiyo CD yako hatukuijaribu," akaniambia kwa midomo. "Imba."

*Namarome, jua ni kali.* Spika zilinitaja mimi na dhambi yangu. Watu elfu kadhaa wakaitikia. Nikamwona Mzee Khaemba akiinuka. Nikamwona Khalayi akiziba uso kwa mikono miwili.

Nikaenda kwenye meza nikachomoa waya wa kwanza nilioushika. Taa zikazimika, muziki ukaendelea. Nikachomoa wa pili. Muziki ukakata.

Mnajua kelele ya umati ulionyang'anywa kitu. Chupa ya maji ilipita sikioni mwangu. Maikrofoni yangu bado ilikuwa hai, nikasema ndani yake:

"Sikilizeni. Hilo jina sikupaswa kulitaja. Ni la mkwe wangu. Mlango aliufunga kwa sababu ni mtu mwenye heshima, na mimi sikuwa najua heshima ni nini. Naomba..."

Sikumaliza. Wao wakadhani ni sehemu ya shoo. Mtu mmoja nyuma akaanza, wengine wakadaka, na kabla sijapumua uwanja mzima ulikuwa unaliita hilo jina kwa makofi, bila gitaa, bila mimi. Nilisimama pale kama mtu aliyewasha kiberiti kwenye shamba la majirani. Nilipiga kelele nyamazeni. Wakanijibu kwa jina. Nilipunga mikono. Wakapunga na wao.

Mzee Khaemba akamshika Khalayi mkono, akaanza kumvuta kuelekea nje. Khalayi alikuwa anageuka nyuma, anasema kitu, sikusikia.

Ndipo upande wa kulia watu wakaanza kupisha.

Kwanza nilidhani ni polisi. Kisha nikaona nguo za bluu na shingo nyeupe, sare ya kwaya. Ilikuwa moja tu, haikuwa na kwaya nyuma yake. Mama mfupi, mnene kiasi, mkoba umebanwa kwapani, anatembea bila haraka katikati ya watu wanaoliita jina lake na hawajui kwamba anawapita.

Sikuwa nimemwona tangu siku ya maharagwe. Lakini nilimjua.

Akafika kwenye ngazi za jukwaa. Akaweka mguu wa kwanza.

Nilifanya vile nilivyofundishwa. Niliweka maikrofoni juu ya mbao, nikavuta shati kichwani, nikafunika uso, nikageuka nikampa mgongo. Ningetoroka, lakini nyuma ya jukwaa Jerop alikuwa amesimama kwenye ngazi nyingine na hakuwa na mpango wa kupisha. Macho yamemtoka.

Nikasikia mbao zikilia. Hatua moja. Nyingine. Zikasimama nyuma yangu. Nikasikia maikrofoni ikiinuliwa, ule mkwaruzo wake kwenye spika zote.

Umati ukatulia wenyewe. Sijui waliona nini usoni pake.

Kupitia kitambaa cha shati nilimwona Khalayi amejitoa mkononi mwa baba yake, amekimbia mpaka chini ya jukwaa upande wangu. Anatikisa kichwa. Usigeuke, anasema, bila sauti. Usigeuke, usigeuke. Nyuma yake Mzee Khaemba anakuja, fimbo juu, anamwita mkewe kwa sauti ambayo sikudhani mzee yule anayo.

Mama akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mwimbaji, nikaisikia kwenye spika.

"Daud," akasema.

Uwanja mzima ulisikia. Sauti haikupita kwa mtu yeyote.

"Daud, geuka uniangalie."